Majumba ya Mto Hudson, kwa Jicho la Dada wa Kazi

Mtu aliyewahi kufanya kazi za ndani haingii kwenye jumba la kifahari kama wageni wengine. Wenzake wanatazama michoro ya darini, yeye macho yanamkimbilia juu ya fremu za milango, kule vumbi linakojificha. Wenzake wanauliza kiti hiki kilitoka Ufaransa mwaka gani, yeye anajiuliza kinasogezwa na watu wangapi siku ya kupiga deki. Ugonjwa huo niliupata Mikocheni, Dar es Salaam, nilikopelekwa kutoka Iringa nikiwa binti ili nikalee watoto wa watu, na sijapona mpaka leo. Sasa naishi Poughkeepsie, mji ulio ukingoni mwa Mto Hudson, kaskazini mwa jiji la New York. Tulifika huku baada ya mume wangu kushinda ile bahati nasibu ya viza. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Wabongo wa huku kazi zote za namna hii tunaziita kubeba boksi, hata pale boksi lenyewe linapokuwa bibi wa miaka tisini na kitu anayekuamuru urudie kutandika kitanda.

Bibi mmoja niliyemhudumia kwa muda mrefu ndiye aliyenifungulia habari za majumba haya. Bibi yake yeye alitoka Ayalandi akiwa msichana, akaajiriwa kutandika vitanda na kusafisha vyumba katika nyumba kubwa mojawapo ya kando ya mto. Nilipomwambia kwamba na mimi nilianzia hukohuko, alinitazama kidogo, kisha akasema: "Basi nenda ukaone. Lakini usipoteze muda kule mbele wanakoonyesha mazulia. Waambie wakupeleke chini."

Nikaenda, na tangu hapo kila nikipata siku ya mapumziko yenye jua nachagua jumba moja. Yako mengi. Upande wa mashariki wa mto, kutoka nje kidogo ya jiji la New York mpaka kukaribia Albany, yamejipanga juu ya vilima. Baadhi yamekuwa makumbusho, mengine vyuo na nyumba za watawa, na yapo ambayo bado yana wenyewe.

Kwa nini mtoni? Mtu wa pwani angeelewa haraka. Maji ya Hudson hujaa na kupwa kama bahari, tena mpaka mji wa Troy, zaidi ya kilomita 240 kutoka mto unapomwagikia. Zamani mwenye shamba kando ya mto huu alikuwa na barabara mbele ya mlango wake: boti zilishuka na unga, kuni na matunda, zikapanda na wageni na bidhaa za mjini. Kisha ikaja reli. Mwaka 1851 ilifika hadi Albany, na waliipitisha ukingoni kabisa, katikati ya bustani za matajiri na maji. Mpaka leo ukisimama kwenye majani ya jumba la Vanderbilt pale Hyde Park, mji jirani na wetu, unaona mto umetulia chini, mara treni inapita kwa kelele zake. Wageni hukunja uso. Mwenye nyumba hakuwa na sababu ya kukunja wake, kwa sababu utajiri wa ukoo wake ulitoka kwenye reli hiyohiyo. Babu yake Frederick Vanderbilt, mzee Cornelius, alianza na boti za kuvusha watu, akaishia kumiliki njia za treni.

Jumba lenyewe lilijengwa kati ya 1896 na 1899. Lina vyumba 54. Waliokaa humo ni watu wawili, Frederick na mkewe Louise, ambao hawakujaliwa watoto. Na kuwahudumia hao wawili, ukijumlisha nyumba, mazizi, bustani na shamba, waliajiriwa watu zaidi ya 60. Tena wenyewe walikuwa wanakuja majira ya machipuko na ya vuli, na wikiendi chache za baridi. Kwingineko walikuwa na nyumba nyingine.

Mwongozaji alizitaja hesabu hizo haraka, akasonga mbele kuonyesha meko ya mawe. Mimi nilibaki nazo. Mikocheni nilikuwa peke yangu na nilipikia watu saba, nikafulia watu saba, na usiku nikalala na mtoto mdogo ili mama yake apumzike. Nilikuwa nikidhani tofauti ya tajiri na maskini ni ukubwa wa nyumba. Pale nikaanza kupima kwa kipimo kingine: mdomo mmoja unalishwa na mikono mingapi.

Juu kuna chumba cha kulala cha Louise, kilichoigwa kwa malkia wa Ufaransa. Kitanda kimezungushiwa uzio mfupi wa mbao, kwa vile kwenye makasri ya kifalme uzio wa namna hiyo ndio uliowatenga watu waliokuja kumsalimia malkia kitandani. Hapa Hyde Park hakukuwa na watu wa kuja kumsalimia mtu kitandani. Palikuwa na msichana mwenye kitambaa. Kila kijiti cha uzio ule kimechongwa, kina shingo, kina tumbo, kina kiuno, na kila kiuno kinakamata vumbi. Nilikaa nacho jicho kwa jicho mpaka mwongozaji akaniuliza kama nina swali. Nikamuuliza uzio ulifutwa mara ngapi kwa wiki. Akacheka, akadhani natania.

Lakini Bibi alikuwa ameniambia niombe kushuka chini, nikashuka.

Chini ndiko nyumba ilikokuwa inaishi. Jiko liko huko, mbali na pua za wageni, maana harufu ya kitunguu haikutakiwa kufika sebuleni. Chakula kilipandishwa kwa lifti ndogo ya kuvuta kwa kamba mpaka stoo ya vyombo iliyo jirani na chumba cha kulia, kikapangwa kwenye sahani, ndipo wahudumu wakaingia nacho wameshika kwa mikono miwili, kana kwamba kimeshuka kutoka hewani. Kuna ukumbi ambamo watumishi walikula, na hata humo walikaa kwa vyeo. Wanaume walilala chini, wanawake ghorofa ya juu kabisa, chini ya paa. Katikati, kwenye vyumba vizuri, ni mabwana. Sijui kama unaipata picha. Watumishi waliwekwa chini na juu, mabwana wakakaa kati, na kupanda au kushuka kwa mtumishi kokote kulipita ubavuni, kwenye ngazi za nyuma.

Ngazi hizi za nyuma nimeziona sasa katika majumba kadhaa na zinafanana sana. Ni nyembamba. Ni za mwinuko mkali, hazina zulia, na zinapiga kona pale ambapo mtu mwenye sinia mikononi asingependa kona. Mlango wake ukifungwa unakuwa sehemu ya ukuta, na usipooneshwa unaweza kupita mara kumi bila kuuona. Kwenye jumba moja nilisubiri wenzangu watangulie, nikapitisha kidole kwenye ukingo wa ngazi ya tatu. Mbao imelika katikati, imekuwa na bonde laini, kwa miguu iliyopita hapo usiku na mchana ikiwa imebeba ndoo, mashuka, makaa ya mawe na chai ya alfajiri. Ngazi za mbele, zile pana za kupigia picha, ziko kama siku zilipojengwa.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo lililonisumbua tangu Mikocheni. Mama mwenye nyumba wangu wa kwanza hakuwa mtu wa matusi. Ila wageni wakija nilitakiwa nizunguke uani, niingie kwa mlango wa jikoni, na masufuria yasigongane. Nikipeleka maji sebuleni mazungumzo yalikatika, nikitoka yanaendelea. Nilidhani ni tabia yake tu. Kumbe kuna watu walilipwa fedha nyingi kuchora tabia hiyo kwenye ramani ya nyumba. Jumba la Vanderbilt lilichorwa na McKim, Mead & White, wasanifu waliokuwa na jina kuliko karibu wote nchini Marekani wakati ule, na sehemu kubwa ya usanifu wao ni namna ya kufanya watu sitini wasionekane na watu wawili.

Bibi alipenda nikirudi nimsimulie. Alikuwa na masahihisho. Nilipomwambia kuhusu lile sinki la stoo ya vyombo lililotengenezwa kwa metali laini, alisema bila hata kufikiri: "Ni kwa ajili ya sahani za bei. Zikigonga kitu kigumu zinapasuka. Na bibi yangu hakuruhusiwa kuzigusa, zilioshwa kwa mikono ya wanaume." Msichana wa vyumbani na mhudumu wa mezani walikuwa chini ya paa moja, lakini kila mmoja alikuwa na ufalme wake, na mwanamume alilipwa zaidi kwa kuosha sahani chache za thamani kuliko mwanamke aliyeosha nyumba nzima. Hilo halikuhitaji maelezo, wote wawili tulilijua.

Kaskazini kidogo ya Hyde Park, pale Staatsburg, kuna jumba la Ruth Livingston Mills na mumewe Ogden Mills. Ruth aliirithi nyumba ya kwao, akaona ndogo, na mwaka 1895 msanifu Stanford White akaanza kuipanua mpaka ikawa kama wizara. Nayo ilitumika zaidi majira ya vuli. Miezi mingine wenyewe walikuwa New York, Newport, California au Paris.

Wageni wengi huuliza walikula nini kwenye karamu zile. Mimi niliuliza nani alibaki karamu zikiisha. Kwa maana nyumba isiyo na watu ina kazi yake. Samani zinafunikwa mashuka, madirisha yanafunguliwa ili kuta zisiote ukungu, panya wanafukuzwa, mabomba yanalindwa yasipasuliwe na barafu. Maua kwenye nyumba za vioo hayajui kama mama yuko Paris, yanataka maji. Mikocheni waajiri wangu walipokwenda Afrika Kusini kwa likizo, niliachwa na mlinzi wa getini. Niliambiwa nipumzike. Kila asubuhi nilifuta meza ambazo hakuna aliyekulia, nikatandua vitanda ambavyo hakuna aliyelalia, nikavitandika upya, kwa sababu mama alipiga simu na kuuliza kama vyumba vimefanyiwa usafi. Likizo ya bosi kwa dada wa kazi ni mwezi wa kulinda.

Nimezungumzia watu waliolipwa, hata kama ni kidogo. Majumba ya kwanza ya mto huu hayakuendeshwa hivyo. Ukishuka kusini hadi Sleepy Hollow utakuta Philipsburg Manor, kituo cha kinu cha unga cha ukoo wa Philipse, waliomiliki zaidi ya ekari 50,000 kando ya Hudson. Hao walikuwa wafanyabiashara, na mojawapo ya bidhaa zao ilikuwa watu. Meli zao zilichukua watumwa upande wa Kongo na Angola, na katika miaka ya 1690 zilifika mpaka Madagaska. Niliposikia Madagaska nilishtuka. Nimezoea kusimuliwa kwamba waliopelekwa Marekani walitoka pwani ya magharibi, na kwamba bahari yetu ilikuwa na soko lake jingine. Kumbe kuna waliozungushwa kutoka Bahari ya Hindi mpaka kwenye maji haya ninayoyaona nikisubiri basi.

Adolph Philipse alipofariki mwaka 1750, mali zake ziliorodheshwa, na ndani ya orodha kuna watumwa 23, wameandikwa kwa majina kati ya vyombo na mifugo. Yupo Caesar, aliyekuwa msagaji. Yupo Diamond, mwanamaji aliyepeleka unga New York kwa boti. Mwenyewe Philipse alikaa zaidi mjini. Basi aliyejua lini mawe ya kinu yachongwe upya, nafaka ipi ina unyevu, maji ya bwawa yanatosha au la, ni Caesar. Leo tungemwita meneja wa kiwanda. Na bila mirathi ya bosi kufunguliwa tusingejua hata kwamba aliitwa Caesar, tena hilo nalo ni jina alilopewa na watu wengine.

Sheria ya New York ilimaliza utumwa tarehe 4 Julai 1827. Mwaka huohuo James F. Brown alitoroka Maryland, ambako utumwa uliendelea, akaja huku. Alipata kazi kwa familia ya Verplanck, wenye nyumba ya Mount Gulian karibu na ulipo mji wa Beacon sasa. Pale wanasimulia kwamba siku moja mgeni wa familia alimtambua kuwa ni mtoro na habari zikamfikia aliyemmiliki. Verplanck akasaidia uhuru wake ununuliwe. Brown akabaki kuwa mtunza bustani wao kwa miaka mingi. Jimbo la New York lilikuwa na kanuni kwamba mwanamume mweusi hapigi kura mpaka awe na mali ya dola 250, na kwa mzungu kanuni hiyo haikuwepo. Brown alijikusanyia mpaka akapiga kura.

Lakini kinachonifanya nirudi Mount Gulian si kura. Kuanzia 1829 mpaka 1866 mtu huyu aliandika daftari. Hali ya hewa, mbegu alizopanda, mto umeganda lini na umefunguka lini, boti ipi imepita, nani kafariki, kalipwa nini. Wapo wanaosikitika kwamba hakuandika mengi ya moyoni, kwamba utumwa aliokimbia haumo sana. Mimi simlaumu hata kidogo. Mtu wa kazi huandika kile anachoweza kuulizwa kesho. Nani alichelewesha malipo, mche ulinunuliwa wapi, baridi ilianza siku gani hata maua yakafa. Daftari la namna hiyo si la kulilia, ni la kujikinga. Na bahati nzuri ni kwamba nyumba ya zamani ya Verplanck iliungua mwaka 1931, ikaja kujengwa upya baadaye, wakati daftari la mtunza bustani limehifadhiwa vizuri mjini New York. Nisamehewe kuliita jambo hilo bahati, ila ndivyo nilivyocheka moyoni.

Mwingine ni Alexander Gilson wa Montgomery Place, kaskazini zaidi, mweusi pia, aliyekuwa mkuu wa bustani kwa takriban miaka hamsini. Yeye hakuacha daftari, aliacha ua. Kuna begonia yenye maua ya petali maradufu iliyopewa jina lake. Baadaye alifungua kitalu chake mwenyewe. Sina mengi ya kumwongezea, ila kila nikiona begonia dukani namkumbuka.

Sasa niseme lililonifika mimi moja kwa moja. Hyde Park hiyohiyo ndipo alipozaliwa Rais Franklin Roosevelt, mwaka 1882, katika nyumba ya wazazi wake iitwayo Springwood. Nayo ilikuwa na watumishi. Baada ya polio kumlemaza mwaka 1921, alitumia lifti ya mizigo, ile ya kupandishia masanduku ya wageni, akawa anavuta kamba kwa mikono yake mwenyewe kwenda ghorofani. Nimeiona. Ni kiboksi. Rais wa taifa kubwa alipita njia ya mizigo, na nilidhani mtu wa namna hiyo, aliyelelewa na mikono ya watumishi na akabebwa nayo, angekuwa wa kwanza kuwakumbuka.

Alisaini sheria ya pensheni mwaka 1935. Wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani waliachwa nje. Alisaini ya kima cha chini cha mshahara na saa za kazi mwaka 1938. Dada wa kazi akaachwa tena. Kazi hizo mbili ndizo zilizowashika Wamarekani weusi wengi, hasa kusini, na wabunge wa kusini walikuwa na nguvu. Watumishi wa ndani walianza kuingizwa kwenye pensheni kwa sheria ya 1950, na kwenye kima cha chini mwaka 1974. Hata hiyo ya 1974 iliacha tundu: anayekaa na mzee "kumpa kampani" hakuhesabiwa. Yaani mimi.

Alijitokeza mama mmoja wa New York, Evelyn Coke, mzaliwa wa Jamaika, aliyehudumia wazee kwa miaka mingi bila kulipwa saa za ziada. Kesi yake ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 2007 akashindwa. Serikali ilibadilisha kanuni miaka sita baadaye, ikaanza kutumika 2015. Yeye alishafariki.

Jimbo la New York lilitangulia kidogo, mwaka 2010 lilipitisha sheria ya wafanyakazi wa ndani yenye siku moja ya mapumziko kwa wiki na malipo ya saa za ziada. Lakini sisi wa zamu za kulala tuna mgogoro wetu. Ukikaa na mgonjwa saa 24, kanuni inaruhusu ulipwe saa 13, kwa hoja kwamba nyingine umelala na umekula. Bibi alikuwa anaamka saa sita usiku anataka msalani, saa nane anamwita mama yake, saa kumi anataka kujua kama mlango umefungwa. Wakala aliyeniajiri alinilipa saa 13 kama kawaida. Nikachukua daftari dogo la shule, nikaanza kuandika kila anaponiamsha: saa, sababu, dakika. Sikuandika hisia. Nilipolipeleka ofisini, yule binti wa mishahara alilifungua, akalifunga, akaniomba nisubiri. Wakubwa walizungumza mlango ukiwa umefungwa. Usiku ambao niliamshwa zaidi ya walivyokadiria ulilipwa wote, si kwa furaha, na kuanzia hapo waliniuliza kila wiki kama daftari lina kitu.

Nilimwonyesha Bibi. Akavaa miwani, akasoma kurasa mbili tatu za usiku wake mwenyewe, akasema: "Kumbe nakusumbua hivi!" Kisha akataka nisahihishe sehemu moja, kwamba siku ile hakumwita mama yake, alimwita bibi yake.

Majumba yale hayakudumu. Kodi ya mapato ilikuja 1913, na sheria ya 1924 ilibana wahamiaji, wale wasichana wa Ulaya waliokuwa wanashuka melini na kwenda moja kwa moja kwenye vyumba vya chini ya paa. Viwanda na maduka yakaanza kutoa kazi yenye saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na msichana gani angebaki kwenye kengele inayolia usiku? Mwaka 1938 Frederick Vanderbilt alifariki, na mwaka huo huo jumba la Mills lilikabidhiwa kwa jimbo. La Vanderbilt, mpwa wa Louise aliyelirithi alilitoa kwa serikali mwaka 1940, Roosevelt akiwa ndiye mwenye wazo. Lilikuwa na miaka arobaini tu. Watu husema kwa masikitiko kwamba ule uzuri umepita. Nilimuuliza Bibi kama bibi yake alisikitika. Akasema alipoolewa aliondoka na hakutaka tena hata kupita barabara ile.

Bibi amefariki sasa. Nahudumia mzee mwingine, mwanamume, naye pia halali vizuri.

Mwezi uliopita mdogo wangu, binti wa mama mdogo, alinipigia kutoka Dar. Yuko Mbezi, analea mapacha.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu, za kazi?"

"Kazi ipo tu. Dada, tangu Januari sijatoka getini isipokuwa kwenda dukani. Nikimwomba mama Jumapili moja, atanifukuza?"

Nikamwambia aombe akiwa ameshamaliza kuwalisha mapacha, wakiwa wamelala, mama akiwa amekaa, siyo mlangoni anapotoka kwenda kazini. Na aombe Jumapili zote, siyo moja, ili akipunguziwa apunguziwe kutoka kwenye nyingi. Nikamwambia pia kwamba hapo Tanzania kuna chama cha wafanyakazi, CHODAWU, na wafanyakazi wa majumbani wamo. Hakuwahi kukisikia. Aliogopa kidogo, akauliza kama mtu akijiunga mwajiri anaambiwa.

Wiki iliyofuata akanitumia ujumbe wa sauti. Amepewa Jumapili mbili kwa mwezi, kuanzia saa nne baada ya kuandaa kifungua kinywa, mpaka saa kumi na mbili jioni. Nyuma yake mtoto mmoja wa mapacha alikuwa analia, na yeye ananong'ona ili asisikike sebuleni. Ameuliza nauli ya kwenda Kariakoo siku hizi ni shilingi ngapi. Nimemtumia, na ya soda juu yake.